Nyumba Iliyoipa Barabara Ubavu

Nani alikudanganya kwamba babu yako hakujua kupanga nyumba?

Labda uliyasoma hayo mahali, labda uliambiwa na mtu aliyevaa miwani. Wanasema kwamba kabla ya mgeni kuja na kamba na penseli, watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa walijikunja vibandani kama kuku, hawajui chumba wala ukumbi. Wasemao hivyo hawajasikia habari za Yotamu wa Bujonde. Hakuwa chifu, hakuwa mwalimu, na jina lake halikuandikwa popote ila katika daftari la kodi. Alikuwa mwashi. Katika maisha yake alijenga kuta nyingi za watu wengine na nyumba moja tu ya kwake, na hiyo moja aliipanga mara tatu ardhini kabla haijapata ukuta wa kufika gotini.

Ilikuwa mwaka 1908. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzoea kuhesabu vibanda vya watu ili wavitoze kodi, na watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuhesabiwa, ingawa si kupenda. Yotamu alikuwa na miaka ishirini na sita hivi. Ufundi alijifunza misheni, kwa fundi mmoja aitwaye Lazaro, mtu mkali aliyeweza kuutazama ukuta kwa jicho moja na kukuambia tofali gani limelewa. Asubuhi Yotamu alifanya kazi misheni; alasiri alirudi Bujonde kwenye mpunga wake, migomba yake, na mke wake Damari.

Damari alitoka Ikombe, ng'ambo ile ambako milima inashuka moja kwa moja hadi majini na watu hufika kwa mtumbwi. Kwao wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, na Damari alikuwa hodari kati ya mahodari. Chungu chake ukikigonga kwa ukucha kiliitika. Walikuwa na mtoto mmoja, Tuntufye, bado wa kubebwa mgongoni.

Sasa, kilichomnyima Yotamu usingizi si nyumba yenyewe. Ni baba yake.

Mzee Asegelile aliishi Ngonga, peke yake. Desturi ya Wanyakyusa haikuwa ya mwana kujenga kwa baba yake. Vijana wa rika moja walihama pamoja, wakajenga kijiji chao, wakazeeka pamoja humo. Ndivyo Asegelile na wenzake walivyofanya walipokuwa na vifua vipana. Lakini rika lile lilikuwa limekwisha. Mmoja alikufa kwa homa, mwingine alichukuliwa na mto, wengine umri tu. Vibanda vilianguka kimoja kimoja, migomba ikameza viwanja, akabaki yeye na mkewe. Masika yaliyopita mkewe naye akafa. Na miezi miwili baadaye mzee aliteleza usiku, akaangukia mkono wa kushoto katika moto wa kupikia, akalala pale akiita mpaka kulipopambazuka, wala hapakuwa na sikio la kumsikia.

Yotamu alipomkuta, mkono ulikuwa umevimba kama ndizi iliyoiva. Akamfunga majani, akasema, "Tata, twende Bujonde."

"Nikakae wapi?"

"Kwangu."

Mzee akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kwako kuna mke wako. Nikae humo, yeye akalale wapi? Juu ya mti?"

Hapo ndipo penye fundo, na lazima ulielewe. Kwa Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Haingii alimo. Akimwona anakuja njiani, huingia migombani na kugeuka hadi mzee apite. Si chuki wala woga wa fimbo. Ni heshima, na ni nzito kuliko heshima nyingine zote za nyumbani. Damari, ingawa ni Mkisi, mtu wa kabila la Ikombe, aliishika tangu siku ya kwanza, na kwa miaka mitatu ya ndoa hakuwahi kumwona mzee yule zaidi ya mgongo na fimbo.

"Nitakujengea kibanda nyuma," Yotamu akasema.

"Nitauangukia moto humo pia, na hamtanisikia pia." Mzee akajivuta akae vizuri. "Sikiliza, mwanangu. Siku utakayokuwa na nyumba ambayo ninaweza kukaa mlangoni nikanyoosha miguu yangu juani, na mkamwana wangu asilazimike kukimbilia migombani kwa ajili ya miguu hiyo, siku hiyo nitakuja. Vinginevyo niache hapa. Nimezoea."

Maji ya mto yalikuwa yamefika kitandani pake masika yaliyopita. Masika mengine yalikuwa miezi mitano mbele.

Kwa hiyo Yotamu alirudi na kazi ambayo hakuna fundi wa misheni aliyewahi kupewa: nyumba ambamo mzee atasikika asionekane, na mwanamke atafanya kazi zake zote pasipo kujificha. Alitembea njia nzima akiwaza, na alipofika Bujonde alikuwa amekwisha kuipata nyumba yote kichwani. Mtu wa miaka ishirini na sita huwa haimchukui muda.

Alichota majivu kwenye kapu, akavuta kamba, akachora ramani chini. Nyumba ya pembe nne, uso wake barabarani. Mlango mmoja mkubwa katikati, kama alivyofundishwa. Ukumbi. Kulia chumba cha baba, kushoto chumba chao, nyuma jiko, na mbele kibaraza ambacho kila mpita njia angekiona.

Damari alisimama pembeni, mtoto mgongoni, akatazama majivu yale muda mrefu.

"Baba Tuntufye."

"Naam."

"Baba mkwe wangu akitaka kutoka, atapita wapi?"

"Mlangoni."

"Na mimi?"

Yotamu akautazama tena mlango wake wa majivu. Miaka saba ya kujenga nyumba za misheni ilikuwa imemtia mlango mmoja kichwani kama msumari.

Damari hakumcheka. Alileta kigoda, akakiweka ndani ya mraba wa majivu ulioitwa chumba cha baba. Akaleta chungu kitupu na konzi ya kokoto. "Kaa hapo uwe baba yako. Mimi nitafanya kazi zangu kama kawaida, nitapita palipo na mlango tu, kwenye ukuta sipiti. Kila ukiniona mahali ambapo hakuna ukuta wa kunificha, tia kokoto moja."

Basi Yotamu akakaa, uso umekunjwa kizee, na mkewe akaenda kisimani, akarudi, akatwanga, akachukua kuni, akafagia. Kokoto zililia chunguni kama mvua ya mawe. Kabla hajamaliza kutwanga, jirani yao Hezroni alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni. Hezroni alikuwa wa rika la Yotamu, walibatizwa siku moja, na tangu siku ile hakuacha kumtania.

"Ugonile, mzee," akamwamkia Yotamu kwa sauti ya adabu. "Umezeeka tangu lini? Jana ulikuwa kijana."

"Ndaga. Pita zako, Hezroni."

"Nipite vipi na hapa kuna ngoma? Mama Tuntufye, mumeo unamtia kokoto za nini? Hatagi."

"Anapanga nyumba," Damari akasema bila kusimama.

Hezroni alipoelezwa akatikisa kichwa. "Yotamu, sisi ni watu wa kanisa. Haya ya kukimbiana migombani ni ya zamani. Mlete mzee, ashikane mkono na mkamwana wake, mle ugali, basi. Au ni kodi unaikimbia, unataka vibanda viwili viwe kimoja?"

"Kodi nitalipa. Lakini wewe unasema baba yangu, katika uzee wake, avuliwe heshima yake mlangoni kama kofia?"

"Nasema mambo yamebadilika."

"Yamebadilika, ndiyo. Ndiyo maana nachora." Yotamu akatia kokoto nyingine, kwa sababu Damari alikuwa amepita. "Yeyote anaweza kuvunja desturi, Hezroni, haihitaji hata kamba. Kuijengea ukuta wake, hiyo ndiyo kazi ya mwashi."

Hezroni akacheka, akaenda zake.

Siku iliyofuata majivu yalifagiwa, ramani ya pili ikachorwa, na hii waliichora wawili. Nyumba ndefu kuelekea magharibi, uso bado barabarani. Chumba cha mzee mwisho wa magharibi, na mlango wake mwenyewe, na ua wake mdogo wa kuota jua. Mwisho wa mashariki, jiko la Damari, na mlango wake mwenyewe, na njia yake ya kisimani. Kati ya ua wa mzee na njia ile, ukingo wa matete, uzio wa kumzidi mtu kimo. Ndani, kati ya mzee na wengine, ukuta usio na mlango kabisa.

"Akianguka?" Yotamu akauliza. "Ukuta usio na mlango haupitishi sauti."

"Hapa," Damari akasema. Akachora kitundu chini ya ukuta, pale ujia mwembamba wa jiko ulipopita nyuma ya chumba chao hadi kukutana na chumba cha mzee. "Shimo la upana wa bakuli. Mkeka upande wangu, mkeka upande wake. Nikimpikia naweka chakula kati ya mikeka, napiga makofi mawili, naondoka. Yeye anafunua wa kwake, anachukua. Usiku, mkeka hauzuii sauti. Akikohoa tu tutasikia."

Kwa desturi, mama mkwe ndiye humpelekea mzee chakula alichopika mkamwana. Sasa hakukuwa na mpelekaji. Yotamu alikitazama kitundu kile, akajua kwamba fundi Lazaro, pamoja na jicho lake lote, asingekifikiria hata kwa mwaka mzima.

Kigoda kikarudi, chungu kikarudi. Alasiri ya kwanza kokoto mbili. Wakausogeza ukingo wa matete. Alasiri ya pili moja. Alasiri ya tatu, ya nne na ya tano chungu kilibaki kitupu, na Yotamu aliinuka kigodani akijisikia mrefu kuliko mlima wa Ikombe.

Damari akaifinyanga nyumba yote kwa udongo. Ilikuwa kama sinia: sakafu bapa, kuta za kimo cha kidole, milango, ukingo wa matete uliochorwa kwa ncha ya mwanzi, na kitundu kile, kidogo kama tundu la sindano kubwa. Paa hakuweka, ili mtu aone ndani. Akaianika kivulini isipasuke.

Ilipaswa kungojwa ikauke, mzee aione, aseme ndiyo, ndipo jembe liguse ardhi. Yotamu hakungoja. Shemeji zake walikuwa wameleta mawe ya msingi kutoka Ikombe, mitumbwi sita ikinywa maji kwa uzito, maana Bujonde ni tope tupu, jiwe halipo. Mawe yalikuwa pale, yanamtazama. Chungu kilikuwa kitupu siku tatu. Akachimba msingi, akapanga mawe, akayagonga, akavuta kamba, na kila mtu aliyepita barabarani alisimama akasema kwamba mstari ule umenyooka kama maji yaliyotulia. Hata Hezroni alisema hivyo, akatafuta la kutania akakosa.

Ndipo Yotamu akaifunga sinia ya udongo katika majani ya mgomba, akaiweka kapuni, akaenda nayo Ngonga.

Kibanda cha Asegelile kilikuwa cha mviringo, cha mianzi na udongo, kimepakwa vizuri na mikono iliyokwisha kufa. Ndani giza, moto mdogo katikati. Mzee aliiweka sinia ile mbele ya magoti yake, akaizungusha, akazigusa kuta moja moja kwa mkono mzima.

"Nani kafinyanga?"

"Mkamwana wako."

"Hm." Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kitundu. "Na hiki?"

Yotamu akaeleza mikeka miwili na makofi mawili. Mzee akasikiliza akitazama pembeni, kama mtu anayesikiliza jambo lisilo lake. Kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu cha mbegu, akatoa punje mbili za mahindi, moja nyeupe, moja nyekundu. "Hii mimi," akasema kwa ile nyeupe, akaiweka kwenye ua wa magharibi. "Hii yeye."

Akazitembeza. Punje nyekundu ilikwenda kisimani, ikarudi, ikaingia jikoni, ikatoka. Nyeupe ilikaa mlangoni, ikazunguka ua, ikaingia kulala. Mzee alikuwa mjanja. Alijaribu kila njia ya kuzikutanisha, alizipeleka haraka, alizipeleka polepole, alizirudisha ghafla kana kwamba mmoja amesahau kitu. Hazikukutana. Yotamu alikuwa anatabasamu gizani, hakuweza kujizuia.

"Jua linatoka wapi hapa?" mzee akauliza.

Yotamu akaielekeza sinia. "Huku, upande wa jiko."

Mzee akachomoa kijinga cha moto, akakishika chini, upande ule wa jiko, kama jua lililoamka sasa hivi. Kwa vidole vya mkono wa kushoto, wenye kovu, akaiinua punje nyekundu njiani, juu kidogo ya ukingo wa matete, kimo cha chungu kichwani pa mwanamke. Kivuli kikaruka ukingo. Kikanyooka, kirefu, cheusi, katikati ya ua, kikalala juu ya punje nyeupe iliyokaa mlangoni.

Wote wawili wakakitazama.

"Mlijaribu saa ngapi?" mzee akauliza.

Yotamu akajibu, "Alasiri. Asubuhi mimi niko misheni."

"Alasiri kivuli kinakwenda huku. Asubuhi kinakuja huku." Alikirudisha kijinga motoni. "Kila asubuhi, mwanangu, mkamwana wangu ataniwekea kivuli chake miguuni. Yeye hatanitazama, mimi sitamtazama, lakini kivuli chake kitalala juu yangu. Unadhani hatajua? Mwanamke aliyefinyanga hiki?" Akagonga sinia kwa ukucha. "Atajua siku ya kwanza. Na siku ya pili ataanza kupitia migombani, na mzigo kichwani. Hapana."

"Tata, msingi umekwisha kulala."

Mzee akamtazama. "Umejenga kabla hujaniuliza?"

Yotamu akaitazama sinia. Kisha, kwa sababu mikono ya fundi huwaza hata moyo ukiwa umeanguka, akaishika kwa pembe zake akaigeuza robo. Chumba cha mzee kikaenda kaskazini, jiko likaenda kusini, njia ya kisima ikafuata. Akachukua kijinga mwenyewe, akakishika mashariki, akainua punje nyekundu. Kivuli kikaenda zake magharibi, kikaanguka nje ya sinia. Akakishika magharibi, kikaenda mashariki. Ua wa mzee ulikaa kaskazini, mweupe, hakuna kilichougusa.

"Na mlango wangu?"

"Utatazama mashariki. Jua la asubuhi lote lako."

Mzee akazichukua punje mbili, akazifunga katika pindo la nguo yake. Hakusema atakuja. Alisema tu, "Masika hayako mbali."

Yotamu alirudi Bujonde jioni hiyo. Damari alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kivuli. Nami nikitoka kisimani kila asubuhi nakiona hapo mbele yangu." Akaona haya kama fundi aliyekamatwa na mwenzake. "Baba mkwe wangu ana jicho."

"Mawe ya ndugu zako, mitumbwi sita."

"Mawe hayajaenda popote. Yapo pale pale."

Kesho yake Yotamu hakwenda misheni. Alichukua mtaimbo, akalitoa jiwe la kwanza la msingi ule ulionyooka kama maji yaliyotulia, mchana kweupe, kando ya barabara. Watu walisimama. Wengine walidhani amerogwa. Unajua ni nini, mwashi kijana kuung'oa mstari wake mwenyewe mbele ya watu waliousifu? Wapo wakubwa waliokosea nchi nzima na hawakung'oa hata kokoto moja, kwa sababu ya aibu. Yotamu alikuwa na aibu pia, masikio yalimwaka. Aling'oa.

Hezroni alikuja, kama ilivyotarajiwa.

"Nyumba imekukosea nini?"

"Ilikaa vibaya. Naigeuza."

Hezroni akatazama kamba mpya, akatazama barabara. "Lakini ukiigeuza hivyo, itaipa barabara ubavu. Kibaraza chako kitatazama migomba. Watu wataona ukuta mtupu. Imemnunia nani?"

"Barabara haiji kulala kwangu. Baba yangu ndiye anayekuja kulala."

Hezroni alikuna shingo. Akaweka jembe lake chini, akavua shati. "Sogea," akasema. "Jiwe hilo unalishika kama yai. Na ukizeeka wewe, mwanao atakujengea nini? Atakugeuza kichwa chini?"

Walifanya kazi siku tisa, Hezroni na vijana wengine wa rika lao, kwa utani na pombe ya ulezi kidogo ambayo mwalimu wa misheni hakuambiwa. Matofali ya udongo yalikuwa yamekauka. Kuta zikapanda. Damari mwenyewe alikitengeneza kitundu. Alikizungushia mdomo wa udongo laini kama mdomo wa chungu, ili bakuli lisikwaruze. Nyasi za paa zilipofungwa, mawingu ya kwanza yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya ziwa.

Nyumba ile ilitazamana na migomba, ikaipa barabara ubavu, na wapita njia walicheka. Yotamu aliupaka ubavu ule chokaa nyeupe ambayo Damari hupakia vyungu, kisha akachora juu yake mstari mmoja mwekundu, ule ule ambao wanawake wa Ikombe huuzungusha shingoni mwa chungu kilichokamilika. Waache wacheke wakitazama kitu kizuri.

Asegelile alifika jioni ya siku ya mvua ya kwanza, kwa miguu yake, fimbo mkononi, amekataa kubebwa. Yotamu alimpitisha njia ya kaskazini. Upande wa pili wa ukuta Damari alikuwa anapika, na alijua, kwa maana kijiko chake kilisimama chunguni. Mzee aliingia, akagusa kuta, akagusa kitanda, akachungulia mkeka ulioning'inia juu ya kitundu lakini hakuuinua. Makofi mawili yalipolia upande wa pili, alingoja hatua ziishe. Kisha akala. Hakusema neno lolote juu ya nyumba. Yotamu alilala na sikio wazi, akasikia kikohozi mara mbili, karibu, kama kiko chumba hicho hicho, na hakujua bado kama kikohozi kile ni cha mgeni wa usiku mmoja.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Yotamu alitoka mapema, akasimama kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba, mahali pekee katika ua wote ambapo mtu akiinamisha kichwa kidogo huona pande zote mbili: mlango wa mzee hapo karibu naye, na huko mbali, kusini, njia ya kisima. Jua lilikuwa linapanda nyuma ya milima. Damari alikuwa anarudi kutoka kisimani, chungu kichwani, hana haraka, mgongo umenyooka, na kivuli chake kirefu kilikwenda pamoja naye upande wa magharibi, kikivuka mpunga wa Hezroni. Hakugeuka kuangalia migomba hata mara moja. Aliingia jikoni kwake.

Na mlangoni pake mzee Asegelile alikuwa ameketi. Alitoa mguu mmoja juani, akaungoja kidogo kana kwamba unaweza kukatazwa. Akatoa wa pili. Akainyoosha yote miwili mpaka visigino vikaandika mifereji miwili katika udongo uliolowa, akauegemeza mgongo wake ukutani.

Baadaye kidogo aliingia ndani. Yotamu akasikia bakuli la jana likisukumwa kitunduni, na makofi mawili, ya polepole, ya mkono mzima juu ya mkono wenye kovu. Akaenda jikoni akamkuta Damari amepiga magoti mbele ya mkeka. Aliufunua. Bakuli lilikuwa limeoshwa, jambo ambalo mwanamume wa rika lile hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, na ndani yake zilikuwamo punje mbili za mahindi, nyeupe na nyekundu, zile zile alizozifunga pindoni kule Ngonga.

Damari alizitia kiganjani, akacheka kwa sauti, akasahau kwamba ukuta unasikia. Upande wa pili mzee akakohoa, kikohozi kisicho cha ugonjwa, na fimbo yake ikasikika ikiwekwa pembeni, kwenye pembe ya chumba, kama fimbo ya mtu aliyekuja kukaa.